Kizoefu cha Mzee Hoza

Bi Mwantumu Shekue aliitandaza kompyuta yake juu ya mkeka wa sebuleni kabla ya kuunga hata waya mmoja, akaitazama, akacheka peke yake. Miaka mitatu ya kutafuta, na yote imeenea kwenye mkeka mmoja! Alhamdulillahi. Wapo waliotafuta miaka kumi wakaambulia kasha tupu.

Maana zama hizo, ndugu yangu, kompyuta haikuwa kitu cha kuingia dukani ukatoka nacho kwapani. Viwanda vya chipu vilishafungwa, na watu wa Tanga, kama watu wa kwingine kote, walikodi akili ya mashine kwa waya kutoka mbali. Kwa barua na sinema ilitosha. Lakini mashine ya kukodi huchelewa kidogo, na mchezo aliouota Bi Mwantumu, ule unaoitwa Gati Kuu, hautaki kuchelewa hata kidogo. Umekaa juu ya winchi, kontena la tani thelathini linabembea kwenye upepo, wewe unavuta mkono na winchi inakusikia baada ya kufumba na kufumbua. Basi kontena limeshaingia baharini.

"Umestaafu winchi, sasa unajenga kompyuta ya kuchezea winchi," alimcheka Bahia, mkamwana wa Mzee Hoza wa nyumba ya pili. "Makubwa haya!"

"Cheka tu, mwanangu. Winchi za bandari siku hizi zinajiendesha zenyewe. Mimi niendeshe nini, cherehani?"

Alikuwa ameziendesha miaka ishirini na sita, na mtikisiko wa zile nondo za kuendeshea ulimla vidole. Vilikuwa vizima kwa kuviangalia, lakini vimekufa ganzi, hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili kama mtoto. Hilo ndilo lililomuuma katika kustaafu kwake. Kiti cha winchi hakukililia sana, alililia mikono.

Alichagua vipande vyake kwa akili ya bandarini. Pawa saplai alizipima tatu kiganjani, akachukua nzito kuliko zote, maana Fundi Sechonge alimwambia nyepesi zimepunjwa shaba ndani. Feni alikataa mbili ndogo zinazolia kama mbu, akachukua moja pana inayozunguka taratibu, akaivalisha kitambaa cha chandarua kwa ajili ya chumvi ya hewa ya Tanga. Kwenye kadi ya picha ndipo alipokesha na mawazo wiki nzima. Moja ilikuwa mpya kwa sura, inang'aa, ila ilifanyishwa kazi usiku na mchana kwenye ghala la mashine za kukodisha. Nyingine ilikuwa kuukuu, imechubuka pembe, imetoka ofisi ya wachora ramani waliofunga kazi saa tisa na nusu kila siku. Akachukua kuukuu. Kazini kwake hawakuwahi kuuliza kamba ya chuma ina umri gani, waliuliza imebeba nini.

Na kila kipande kilikuwa na mtu wa kumshukuru. Prosesa alipewa na mjane wa Barabara ya Sita kwa sababu alimsaidia kufungua kasha la marehemu mumewe. Bodi aliipata kwa nahodha wa zamani wa tagi, ile boti ya kuvutia meli. Aliwataja wote katika dua zake, mmoja mmoja, na Bahia alimwambia siku moja malaika watachoka kuandika.

Lakini kipande kimoja hakukipata kwa mtu. Kilitoka hospitali, kwa zamu, baada ya miaka mitatu ya kusubiri, kipya kabisa ndani ya karatasi yake. Kizoefu.

Ukubwa wake kama biskuti, rangi nyeusi. Unavaa glavu nyembamba, kizoefu kinasikiliza mkono wako. Siku za kwanza kinakusikiliza tu. Baadaye kinakuzoea, kinajua ukitetemeka hivi ulikuwa unataka kufanya vile, kinaiambia mashine ulichotaka badala ya ulichofanya. Mtu mwenye ganzi anashona. Mtu wa kutetemeka anaandika. Kwa mkono wa Bi Mwantumu, kizoefu ndicho kilichokuwa kompyuta, vingine vyote vilikuwa vya kukibeba.

Akaunga. Akawasha. Feni ikazunguka, taa zikawaka moja moja, kijani, kijani, kijani, mpaka kwenye kizoefu. Hapo giza.

"Yalaa!" akasema Bi Mwantumu.

Hospitali walitoa siku saba tu za kurudisha kilichoharibika. Sasa kibovu ni kipi, kizoefu au tundu lake kwenye bodi? Hakuna njia ya kujua ila kuweka kizoefu kingine pembeni, kilicho kizima. Na kwenye mtaa ule kulikuwa na kimoja tu.

*

Mzee Hoza alikuwa mtangazaji wa mpira redioni, tena si wa kubahatisha. Watu walikuwa wanaacha kuangalia mechi yenyewe ili wamsikilize. Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kulia na kauli yote, kikamwachia mkono wa kushoto unaotetemeka na masikio mazima. Nyumbani walielewana kwa ubao mdogo alioandikia neno moja moja. Lakini kwa kizoefu, ah! Miaka kumi na moja kilikuwa kimezoea vile vidole. Akivichezesha ndani ya glavu, sauti yake mwenyewe, iliyokusanywa kutoka kanda za zamani, ilitoka kwenye spika kwa kasi ile ile ya enzi zake. Kila Jumamosi alasiri mtaa ulitoa viti nje, vijana wakacheza mechi zao za kompyuta kwenye skrini kubwa ukutani, na Mzee Hoza akatangaza. Watu walitoka hadi Pongwe kuja kumsikia.

Wiki ile mashine yake ilikuwa kwa Fundi Sechonge, pawa saplai imeungua. Kizoefu kilibaki nyumbani, kimekaa tu.

Bi Mwantumu hakuwa ameomba bado. Alikuwa amemsimulia Bahia tu, kwa kulalamika. Baada ya nusu saa Bahia akapiga hodi, ameshika bakuli limefunikwa kawa, kama anayeleta futari.

"Baba kaandika nikuletee. Anasema kwake kimelala, kikusaidie wewe."

Bi Mwantumu alifunua kawa akakiona kile kizoefu, kimelala juu ya kitambaa cheupe, na machozi yakamlenga. "Mwambie Mzee, Mungu amweke. Mwambie sijui nimwambie nini."

Akakiweka pembeni ya chake. Taa zote mbili zikawaka! Tundu lilikuwa na kijiguu kimoja kimelala, kuchomeka kile cha pili kulikisukuma kidogo kikasimama, basi. Akaviacha vyote viwili vikifanya kazi tangu asubuhi mpaka adhuhuri ili ahakikishe, kisha akatandika mswala akasujudu sijida ya kushukuru.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi na wewe tungelifanya vile vile. Sufuria ya jirani huirudishi na masizi. Unaisugua mpaka ing'ae, na ndani unatia chochote, hata kama ni embe mbili. Tangu aanze kununua vipande vya mitumba, Bi Mwantumu alikuwa haachi kukiosha kipande. Kuosha ni agizo moja tu, unabonyeza, uchafu wote wa mwenye zamani unafutika. Mkono wa Mzee, yaani yale mazoea ya miaka yote, aliamini unakaa ndani ya mashine ya Mzee, huko kwa fundi, kama vile picha za mtu zinavyokaa kwenye diski yake. Hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

Basi akakiosha kizoefu cha Mzee Hoza, vizuri, mara mbili. Akakilaza bakulini juu ya kitambaa, pembeni akapanga vipande sita vya halua, akafunika kawa, akampelekea Bahia mwenyewe kwa mikono yake miwili.

*

Jumamosi alasiri viti vilitoka. Mashine ya Mzee Hoza ilikuwa imerudi Ijumaa, imewekwa kizoefu chake, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Fundi Sechonge mwenyewe alikuja kuona kazi yake. Mzee akavalishwa glavu. Mechi ikaanza.

Vidole vya Mzee vikacheza. Spika ikatoa mlio mmoja mrefu wa kukwaruza, kisha kimya.

Akajaribu tena. Kimya. Vijana wakasimamisha mechi. Fundi Sechonge akapiga goti, akachomeka kifaa chake cha kupimia, akakaa nacho kitambo, uso ukambadilika.

"Kizoefu kimefutika," alisema. "Kitupu, kama kilivyotoka kiwandani."

"Si umeme wako ndio umekifuta?" Bahia alisema, na sauti yake ilikuwa inapanda. "Kilikuwa kizima! Umeleta pawa saplai yako, kimekufa!"

"Dada yangu, umeme hauwezi..."

"Miaka kumi na moja!"

"Basi afundishwe upya," mtu mmoja akasema nyuma.

Sechonge akatikisa kichwa. "Wakati ule Mzee alikuwa na vidole viwili vizima vya kuanzia. Leo hana hata kimoja. Na kizoefu kikishafutwa kinakuwa kizito kufundishika. Hakipokei tena somo la kizoefu kingine, kinataka mkono wa mtu tu, tena kwa subira." Akachomoa kifaa chake. "Samahani, Mzee."

Mzee Hoza alivua glavu kwa meno, akaiweka pajani, akaikunja mara mbili.

Bi Mwantumu alikuwa kiti cha tatu. Alifungua mdomo aseme. Aliwaangalia watu wote wale, akamwangalia Bahia anavyolia, akaufunga.

Nyumbani aliwasha mashine yake ili tu asiwaze. Akaingia Gati Kuu. Winchi ikawa inarukaruka, inatetemeka, kontena linapiga huku na huku kama limelewa. Ajabu, maana mkono wake hautetemeki, umekufa ganzi tu. Akakumbuka maneno ya fundi, somo la kizoefu kingine. Alitafuta programu ya sauti inayokuja na kila kizoefu, akaifungua, akachezesha vidole ovyo ndani ya glavu.

"Gonga... pasi... anakwe... kwenda," ikasema spika, kwa sauti ya Mzee Hoza.

Alivua glavu akaitupa mkekani. Alihisi amemvaa mtu mdomo.

Basi mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ile vilipokaa pamoja, kizoefu kikongwe kilikifundisha kile kichanga, na kichanga somo lake la kwanza hakilisahau. Mkono wote wa Mzee, pamoja na sauti yake, ulikuwa mle ndani, salama salimini, ndani ya kizoefu chake yeye. Akitaka kiwe chake, akiendeshe Gati Kuu kama alivyoota miaka mitatu, abonyeze agizo moja tu. Akioshe. Kwa kuwa hakijatimiza mwezi, hakitadhurika, hospitali ndivyo walivyoandika kwenye karatasi. Na hakuna mtu duniani atakayejua.

*

Siku nne alikaa na jambo hilo. Jumapili alijiambia kwamba Mzee amekula umri, na yeye bado. Jumatatu alijiambia kwamba hata hivyo hakukusudia. Jumanne alipita mbele ya kibanda cha Fundi Sechonge, akakuta benchi la wateja halina mtu, na fundi anafagia mahali palipokwisha fagiwa.

"Karibu, mama," Sechonge alimwambia. "Mashine yako haijambo?"

"Haijambo, mwanangu."

"Alhamdulillahi. Angalau hiyo."

Maneno hayo mawili ya mwisho yalimfuata mpaka nyumbani. Aliketi mbele ya skrini, agizo likamuuliza, Osha? Kidole chake kikawa juu ya Ndiyo. Hakukihisi kidole, lakini alikiona. Mwanamke mtu mzima, anaswali, anafunga, amekalia sauti ya mtu! Alijionea haya kiasi cha kutaka kujificha kwenye chumba ambacho yumo peke yake.

Jumatano asubuhi alikichomoa kizoefu chake kipya, akakifunga kwenye leso, akaenda nyumba ya pili.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Hoza aliinua mkono wa kushoto. Bahia alikuwa anamnyoa ndevu, taulo begani.

"Mzee, kizoefu chako nilikiosha mimi." Alilisema likiwa bado la moto, kabla halijampoa. "Siyo umeme, siyo Sechonge. Nilikiosha kabla ya kukurudishia. Nilijua tangu Jumamosi, nikanyamaza."

Wembe wa Bahia ulisimama hewani. "Ulijua? Bi Mwantumu, ulijua? Siku nne huyu mzee hajala chakula cha maana, na wewe unapita hapo mlangoni unanipa salamu!"

"Nilikupa salamu, mwanangu. Ni kweli."

"Na halua ukatuletea!"

Mzee Hoza aligonga ubao. Aliandika taratibu, mkono ukimpeleka kombo, wakasubiri. *Uliosha kwa nini?*

"Adabu, Mzee. Chombo cha watu... nilitaka kirudi kisafi."

Mzee alimkodolea macho. Mabega yakaanza kumtikisika. Bahia alifikiri amepatwa tena, akatupa wembe, kumbe mzee anacheka! Anacheka povu la sabuni linamrukia puani, machozi yanamtoka, anapiga paja kwa kiganja. Alicheka mpaka Bi Mwantumu naye akaanza kulia kwa sauti, maana angalau kama angegombezwa angejua pa kushika.

Ndipo alipofungua leso, akaeleza kizoefu kichanga kimebeba nini. "Mkono wako umo humu, Mzee, wote. Chukua. Hiki chako kilichooshwa nipe mimi, nitakifundisha pole pole."

"Ni cha zamu yako," Bahia alisema. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini imepungua sauti. "Umekisubiri miaka mitatu. Na hicho kuukuu kitakusumbua."

"Kitanisumbua. Najua."

Bi Mwantumu alikisogeza kizoefu kwenye mkono wa Mzee. Mzee hakukipokea. Akaandika tena, neno moja moja, na safari hii hakuwa anacheka. *Sechonge kwanza.*

Akafahamu. Akainuka saa ile ile, akajifunga mtandio vizuri, akaenda kwenye kibanda cha fundi, mchana kweupe, watu wanapita. Akasimama nje, si ndani, akasema kwa sauti ile ya kuitana gatini, ya kuvuka mtambo na mtambo: "Sikilizeni jamani! Fundi Sechonge hakuharibu kitu cha Mzee Hoza. Mwenye kuharibu ni mimi, Mwantumu Shekue, na nilimwacha akabeba lawama yangu." Wauza mchicha wa upande wa pili walisimama kusikiliza. Sechonge alitoka na bisibisi mkononi, akabaki anamwangalia, kisha akamvutia kiti akae.

*

Jumamosi ile watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Wengine walikuja kumsikia Mzee Hoza, wengine, tuseme ukweli, walikuja kumwona Bi Mwantumu. Yeye alitaka kukaa ndani. Bahia ndiye aliyekuja kumtoa, akamkamata mkono bila maneno mengi, akamwekea kiti cha mbele.

Mzee akavaa glavu. Vidole vikacheza.

"Wapenzi watazamaji," ilisema sauti yake, na mtaa mzima ukapumua. "Leo... hatuanzi na mpira."

Palikuwa na kijipumziko kabla ya kila sentensi, kidogo tu, ambacho hakikuwapo zamani. Sechonge alishaeleza. Kile kizoefu kilikuwa kimeonja pia mkono wa Bi Mwantumu jioni ile ya Gati Kuu, na mkono wa mtu wa winchi husita kabla ya kushusha. Wangeweza kukitoa kijipumziko hicho. Mzee alikataa, akaandika kwamba sasa anapata nafasi ya kuvuta pumzi.

"Leo tunaanza na Gati Kuu," sauti iliendelea. "Na kwenye winchi yupo... Mwantumu Shekue, wa bandari ya Tanga!"

Wakamletea kompyuta yake yenyewe, vijana wawili wamebeba kasha, feni ile pana inazunguka, kizoefu kuukuu ndani yake. Kilikuwa na siku tatu tu za kumzoea. Bi Mwantumu alitikisa kichwa, akasema hapana, hapana, nitaaibika, na tayari glavu ilikuwa mkononi.

Kontena moja, kutoka melini hadi gatini. Mchezaji mzuri hulishusha kwa dakika mbili. Yeye alivuta mkono, winchi ikakaa. Alivuta tena, ikaondoka kwa kushtuka.

"Analiinua! Linatoka, linatoka... upepo unakuja kumkaba kutoka kulia! Anaupisha upepo, anaupisha... huyu mama ana moyo gani? Kamba inabembea, halafu... hana haraka! Tazameni hana haraka! Meli imeinama, naye ameinama nayo!"

Watoto walipanda juu ya viti. Wanawake walianza kupiga vigelegele kila kontena liliposogea hatua moja. Dakika ya tano kizoefu kilikwama, kontena likaning'inia katikati ya hewa, na Mzee Hoza akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono, watu wakashikana mikono. Dakika ya tisa likaanza kushuka. Shahada ikamtoka Bi Mwantumu bila kujua. Dakika ya kumi na moja likagusa saruji, pembe nne kwa pamoja, bila kishindo.

"Limekaaa! Limekaa, wapenzi watazamaji! Limekaaaa!"

Mtaa ukalipuka. Bi Mwantumu alikaa pale na glavu yake, hawezi hata kuifuta pua. Miaka ishirini na sita alishusha makontena pale bandarini, jua na mvua, maelfu kwa maelfu, hakuangusha hata moja, na hakuna siku mtu aliwahi kupiga kelele. Aligeuka akamtazama Mzee Hoza, naye Mzee alikuwa ameshamtazama, vidole vimetulia.

"Asante, Mzee," alisema. "Asante. Asante."